Paa la Khanga

Mgombea alirudi sokoni, na Bi Somoe, aliyemwimbia kampeni iliyopita, akavishwa khanga mpya yenye picha ya bwana huyo.

"Safari hii kila mchuuzi kibanda cha bati!" mgombea akanguruma.

Mvua ikaanza kunyeshea sinia la maandazi la Tausi, aliyempa mgombea kura kwa kumsikiliza Somoe.

"Shoga, kitendawili!" Tausi akaita.

"Tega," Somoe akajibu kwa sauti ndogo.

"Nyumba yangu ina paa, lakini nalowa."

"Ahadi!" wachuuzi wakaangua kicheko.

Somoe akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya Bi Somoe, anzisha wimbo!" mgombea akahimiza.

Somoe akaivua khanga, akaitandaza juu ya sinia la Tausi, akaishikilia kwa mikono miwili. Maji yakapenya, yakawa yanadondokea maandazi kutoka kidevuni mwa picha.