Mafundo Matatu Chini ya Tangi

Jamani, hili hamtaliamini. Fundi aliinua tangi la pikipiki iliyokuwa ikikohoa na kuzimika ovyo, akafuata kwa kidole waya wa koili, ile inayotoa cheche, hadi kwenye kiungo kilicholegea. Kilifungwa kwa mpira wa tyubu, mafundo matatu.

Alikifunga yeye mwenyewe, kwenye pikipiki ya mdogo wake, kabla wezi hawajampasua kijana huyo kichwa na kuondoka nayo.

"Vipi fundi, umelala?" mteja akamtania.

"Uliinunua wapi, kaka?"

"Kununua? Mwenyewe aliniachia huku analia kama mtoto!" Akacheka hadi akakohoa.

"Haya, inama uone cheche."

Mteja akainama, shingo wazi, mshipa unadunda. Fundi alikuwa ameshika spana kubwa, ikiteleza kwa jasho.

Hebu niambie, ingekuwa mkononi mwako, ungefanyaje?