Samawati ya Mlango wa Saumu

Kwetu kila ndoa hupewa rangi yake ya mlango, na rangi ikipauka, ndoa imekwisha. Ya binti yangu Saumu niliikokotoa mwenyewe. Kwenye kompyuta, elektroni zilielea kuizunguka atomi ya kobalti kama vumbi kwenye mwale wa jua, zikatulia katika samawati nzuri ajabu. Kisha likaja jibu: itadumu miezi kumi na minne.

"Itadumu, mama?" Saumu akauliza.

"Itadumu, mwanangu."

Nikachanganya makopo mawili, moja nikalificha uvunguni. Hapo nikamkumbuka marehemu mama, aliyeifanya kazi hii kabla yangu. Kila Idi alikuja kwangu kuupangusa mlango vumbi, na mikono yake ilinuka rangi mbichi.