Nguzo Nyekundu

Nyumba ilikuwa ya kale na sheria ilikataza kuibomoa, kwa hiyo baraza la mji likategemeza roshani yake kwa nguzo za mikoko zilizopakwa rangi nyekundu. Wapangaji wakawa wanazichomoa mojamoja, kuni za bure.

“Jamani, itatuangukia!” Mwatumu hakuchoka kusema.

“Woga wako utakuua kabla ya nyumba,” jirani yake Fathiya alimcheka.

Leo Mwatumu alirudi kutoka sokoni akakuta mumewe ameshainjika chungu uani.

“Nimekupatia kuni kavu, mke wangu.”

Ukuni mmoja ulichomoza mafigani, bado una rangi nyekundu. Mwatumu alitoka mbio hadi njiani, akatazama. Chini ya roshani haikubaki nguzo hata moja. Juu, mwanawe Salha ameegemea ukingo, anampungia mkono.

“Mama! Nishuke nikupokee kapu?”