Watoto wa Perege

Perege majike hulea mayai yao mdomoni, ila mdomo wa huyu ulikuwa na kazi nyingine pia: kumsema Kambare.

"Huna gamba hata moja, ndevu kama beberu! Mtoto gani atakuita mama?"

Siku Perege alipotaga, Kambare alipita mbio akachanganya mayai yake na ya Perege. Perege akayaokota yote upesi, akafumba mdomo, akavumilia njaa mpaka yakaanguliwa.

Majirani walikuja kushangilia. Perege akafumbua mdomo. Wakatoka watoto wanono, wenye ndevu. Akangoja wenye magamba. Hakutoka hata mmoja.

Mwenye ndevu mmoja akamrudia.

"Mama," akasema, "humo ndani chakula kimekwisha."