Moshi Nje ya Msimu

Mwaka ule masika yalipita bila mvua ya maana, na kufikia Juni nyasi za juu ya kijiji zilikuwa zimekauka kabisa. Aikande, kiongozi wa wazimamoto wa kujitolea, aliona moshi adhuhuri akapiga simu wilayani tangi la kijiji lifunguliwe. Siku hizo makufuli ya matangi yote ya mlimani yaliongozwa na mtambo, na kwa mtambo msimu wa moto ulianza Agosti mosi.

"Msimu bado, mama," sauti ya mtambo ilimjibu kwa upole.

"Nauona moto kwa macho yangu!"

"Huo ni moshi nje ya msimu, mama. Tafadhali subiri."

Alibishana nusu saa. Mwishowe alichukua nyundo, akalipiga kufuli kwa hasira mpaka likavunjika, na wenzake wakakimbia na mipira ya maji. Waliokoa nyumba zote isipokuwa moja, ya mama mkwe wake.

Kesho yake afisa alifika na kufuli jipya.

"Umemwaga maji ya umma," alimwambia Aikande. "Hakuna moto uliosajiliwa hapa."

Aikande alimpeleka hadi kwenye majivu ya nyumba iliyoungua. Hapo mama mkwe wake akauliza.

"Kama hakukuwa na moto, baba, nyumba yangu iko wapi?"

Afisa aliangalia kishikwambi chake kwa makini.

"Inaonyesha ipo, bibi," alisema, akiwa amesimama katikati ya majivu yake.