Ukoko wa Pilau

Gizani jikoni, kijiko kilikwaruza sufuria. Mwanakombo alijua ni mumewe, Shebe, anakomba ukoko wa pilau ya harusi.

"Baba Saumu, unataka kufa?"

"Kidogo tu, mke wangu. Ukoko hauna dhambi."

Lakini siku hizi kila raia, mkubwa kwa mdogo, alipandikizwa askari wa damu wa kukomesha unene, na askari hao hawakusamehe mafuta. Walimvamia Shebe tumboni. Akawaka homa, akajipigiza ukutani mpaka paji likapasuka. Mwanakombo alimkalia kifuani, akamfunga mikono kwa kanga huku akimbembeleza, "Vumilia, mume wangu, watachoka."

Kweli wakachoka. Mwanakombo akashusha pumzi, akatabasamu.

Mlangoni binti yao, Saumu, alikuwa akilamba vidole.

"Mama, na mimi nimekula."