Karatasi Mbele ya Midomo

Pu! Pu! Mama Irine aliisikia sauti ile kabla hajafika mlangoni pa darasa, akaharakisha akidhani ni mwanawe. Alipochungulia, aliona si yeye. Aliyekuwa akipuliza kipande cha karatasi mbele ya kioo alikuwa mwalimu. Irine, miaka saba bila neno hata moja, alikuwa akimtazama tu.

“Nimemfuata mwanangu,” mama alisema. “Gari la kwenda Maore linaondoka. Kuna bibi huko anatungoja, amkate kimeo cha kooni aanze kusema.”

“Kimeo hakizuii mtu kusema, Mama Irine! Utamtia jeraha la bure.”

“Na wewe, muhula mzima unachezea makaratasi. Amesema nini?”

 Mwalimu akamshikisha ile karatasi. “Basi jaribu wewe, mara moja tu. Kisha mchukue.”

Mama alipiga magoti mbele ya kioo, akabana midomo, akapuliza kwa hasira. Pu! Karatasi ikamponyoka, ikaganda kwenye pua yake yenye jasho.

Irine akacheka. Akaibandua, akaishika mbele ya midomo yake mwenyewe. Midomo ikabanana, ikatetemeka, ikaachana.

“Pu.”

Karatasi iliinuka kidogo, ikatua. Kule barabarani gari likapiga honi. Irine alijaribu tena. Safari hii haikutoka sauti yoyote. Mama alingoja. Honi ikalia mara ya pili.

Akamvuta mtoto kifuani.

“Leo hukatwi, mwanangu,” akasema kwa sauti. “Nakuahidi. Leo hukatwi.”